Nilirudisha video ya kupamba bila kumuona bi harusi

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa bara na wa pwani, mlio kazini na mnaojifanya mko kazini.

Hili limenipata mimi mwenyewe, kwenye kijiduka changu cha ufundi wa kompyuta hapa Timbwani, Likoni. Majina nimebadilisha, maana wenyewe ni watu wa staha na mtaa ni mdogo. Mengine yote yako kama yalivyokuwa. Asiyeamini apite tu, leo sina nguvu za kubishana.

Kwanza mnijue. Mimi ni mbara. Wazazi wangu wametoka Ukambani, baba akapata kazi bandarini, mimi nikazaliwa Changamwe, upande ule wa kuelekea Airport. Kanisani naenda, pilau nala, na Kiswahili changu wenyeji hukicheka wakipenda.

Kazi yangu ni kurudisha vilivyopotea: picha, video, sauti. Domo ninalo, nakubali. Na sina subira na mteja anayeapa simu yake haijaguswa na maji huku inanuka chai ya tangawizi.

Sasa tuingie.

Asubuhi moja nimefungua duka, chai bado iko mkononi, wakaja wanawake wawili. Mmoja mtu mzima, buibui jeusi, macho yamevimba kwa kulia. Mwingine msichana, begi la kamera begani.

"Hodi."

"Karibuni. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi wa kufufua video?"

Nikasema ndiye, Mungu akinijalia.

Yule mtu mzima nitamwita Bi Zuhura, ni mkaazi wa Bofu, hapahapa Likoni. Msichana nitamwita Saumu, kazi yake ni kupiga video za harusi. Bi Zuhura akafungua mkoba, akatoa kitambaa, ndani ya kitambaa mna kijikebe, na ndani ya kijikebe mna kadi ya kamera. Akaiweka mezani lakini mkono hakuuondoa.

"Kabla hujaigusa," akasema, "hii ni video ya kupamba."

Ngojeni niwaeleze, maana humu najua wa Nairobi mko wengi. Kupamba ni ile siku ya wanawake kwenye harusi za Waswahili. Bi harusi anapambwa, anaketishwa jukwaani, wanawake wenzake wanavua mabuibui na kumshangilia. Mwanamume hakanyagi. Simu zinaachwa mlangoni. Mpiga video ni mwanamke.

Na sherehe ikiisha, kadi haiondoki na kamera. Inatolewa palepale inakabidhiwa mtu wa familia. Watu washaumizwa na video kuvuja, kwa hivyo hapo hakuna mchezo.

Mtu wa familia safari hii alikuwa Bi Zuhura, mama mdogo wa bi harusi. Bi harusi tumwite Nasra. Bi Zuhura ndiye aliyemlea, kwa sababu mamake mzazi, Bi Rukia, yuko Uarabuni, kazi za nyumba za watu. Aliomba ruhusa ya kuja harusini, mwajiri akakataa. Na Nasra ndiye mtoto wake wa pekee.

Hata kwa simu hakuweza kutazama, si nimesema simu zilibaki mlangoni? Alichobaki nacho ni ahadi ya mdogo wake: nitakuletea video, utamuona mwanao kama uliyekuwepo.

"Nilimwapia dadangu," Bi Zuhura akaniambia. "Nikamwambia hutapitwa na kitu."

Nikauliza kadi imefanywa nini. Saumu akamtazama Bi Zuhura. Bi Zuhura akatazama sakafu.

"Niliichomoa," akasema.

Ilikuwa hivi. Kamera imewekwa kwenye stendi, imemwelekea bi harusi, imerekodi sherehe yote kwa mkupuo mmoja. Mwishoni Saumu akenda kukunja taa. Ukumbi wote vigelegele. Huko nje zikasikika sauti za wanaume waliokuja na magari kuchukua watu. Bi Zuhura akaingiwa na hofu: mlango utafunguliwa, vurugu itaanza, na kadi bado iko ndani ya kamera! Akaenda mbio, akafungua kijumba cha kadi, akaichomoa.

Taa nyekundu ilikuwa bado yawaka. Kamera ilikuwa bado yarekodi.

"Nilipogeuka," Saumu akasema, "kadi iko kiganjani mwake."

Wakuu, nimeona kadi zilizotafunwa na mbuzi. Nimeona kadi iliyochemshwa pamoja na jinzi. Lakini kadi iliyoharibiwa kwa kulindwa, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Nikasema sawa, nitajaribu. Bi Zuhura akainua kidole.

"Nataka unirudishie. Na sitaki uitazame."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mama, mimi nitatengenezaje video nisiyoiona? Huyo ni kinyozi umemwambia asishike kichwa."

"Basi Mungu atanipa mwengine," akasema, akaanza kukunja kitambaa chake taratibu. Saumu akaniambia fundi wa kike anayemjua yuko Nairobi, na kadi Bi Zuhura haipandishi basi, kuituma kwa mtandao ndiyo kabisa usitaje.

Hapo ndipo nikafikiri. Halafu nikamwambia, "Mama, keti kwanza. Wallahi inawezekana."

Mbara kusema wallahi, akatabasamu kidogo. Akaketi.

Nikafungua kompyuta, nikamwonyesha faili moja langu, lakini si kwa kawaida. Nililifungua kwa programu inayoonyesha faili lilivyo ndani: tarakimu na herufi, safu juu ya safu, kutoka juu hadi chini.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Huyu ni mamangu. Yuko shambani, ameshika mbuzi."

Akasogea. Akavaa miwani. "Mbuzi yuko wapi?"

Saumu akavunjika mbavu.

Nikaeleza hivi, na nyinyi wakuu msiosomea mambo haya nisikilizeni. Kompyuta haina macho. Picha kwake ni viraba vidogo mno, na kila kiraba kina namba zinazosema nyekundu kiasi gani, kijani kiasi gani, buluu kiasi gani. Sauti nayo inapimwa maelfu ya mara ndani ya sekunde moja, na kila kipimo ni namba. Video ni picha nyingi zinazofuatana, lakini ili isiwe nzito, picha kamili inawekwa mojamoja, na katikati yake yanaandikwa yaliyobadilika tu. Bi harusi akipepesa jicho, linaandikwa lile jicho. Kiti hakiandikwi tena.

"Kwa hivyo humo kwenye kadi mwanangu hayumo?"

"Zimo namba zake. Mpaka uzipeleke kwenye kioo ndipo anakuwa mtu. Na mimi kwenye kioo sitazipeleka."

Akazitazama zile tarakimu muda mrefu, kama anayetafuta uchi ndani yake.

"Hizi," akasema mwishowe, "zitazame utakavyo."

Masharti akatoa mwenyewe, na kusema kweli yalikuwa masharti ya mtu mwenye akili. Diski ya kufanyia kazi alikuja nayo yeye, na kila jioni alirudi nayo Bofu. Waya wa intaneti nikauchomoa mbele yake. Mlango wa duka wazi. Yeye na Saumu wanakaa palepale, na chupa ya chai na mahamri.

Na mimi nikaongeza langu ambalo yeye hakulijua. Kompyuta zina tabia ya kutengeneza vijipicha vidogo vya kila faili na kuvihifadhi kimyakimya. Hiyo nikaizima. Mashine nikaiwasha kwa mfumo ulio kwenye flash, ili kwenye diski yangu kisibaki kitu. Nilipomweleza akaniambia, "Allah akuhifadhi," nikajisikia vizuri siku nzima.

Tatizo lenyewe lilikuwa nini? Kamera inaporekodi inamwaga picha na sauti kwenye kadi bila kukoma. Ukibonyeza kusimamisha, ndipo inaandika faharasa: picha ya kwanza inaanzia hapa, ina ukubwa huu, sauti yake ni ile pale. Bi Zuhura alichomoa kabla faharasa haijaandikwa. Mzigo wote umo, lakini ni kama makontena yaliyoshushwa bandarini hayana hata alama. Kompyuta ikifungua haijui pa kushika.

"Kwa hivyo hajafutika," Bi Zuhura akasema. "Hajapangwa tu."

"Naam. Hajapangwa."

Dawa yake ipo. Unachukua video nzima iliyopigwa na kamera ileile, kwa setting zilezile. Programu inaisoma hiyo, inajifunza kamera hii inapanga vipi vitu vyake, halafu inaenda kupanga ile iliyovunjika. Saumu akatoa kamera, akanirekodi mimi nikimimina chai, akarekodi na barabara. Nikaipa programu mfano huo. Ikafanya kazi, ikamaliza.

Sasa nani atazame? Tukafunga leso kwenye kamba, kule pembeni ninakorundika skrini zilizokufa. Bi Zuhura akaingia nyuma ya leso na laptop na vyombo vya masikioni. Mimi nje, nimegeukia barabarani kama askari.

"Wamuona, mama?"

"Namuona... la, simuoni. Ya Rabbi! Ni kijani!"

"Wote kijani?"

"Uso kijani! Mkono uko mahali pa bega!"

"Ni mistari au ni mapande?"

"Ni mapande! Kama vigae vilivyovunjika vikabandikwa na mlevi!"

Akatoka analia upya. Mimi nikafadhaika, siwafichi. Nikamgeukia Saumu, "Una hakika setting ni zilezile?"

"Wallahi ni zilezile." Halafu akashika mdomo. "Ngoja. Baada ya harusi nilipiga shughuli ya shule. Nikashusha ubora ili kadi itoshe."

"Saumu!" Bi Zuhura akapaza sauti.

"Na wewe mama si ulichomoa!"

Hata muuza viazi wa nje akaacha kukatakata. Nilidhani mambo yameisha hapo, wataondoka kila mtu na njia yake. Bi Zuhura akajitupa kitini, akasema, "Haya. Tumelikoroga sote wawili," na Saumu akaenda kumshika mkono.

Setting za siku ya harusi Saumu hakuzikumbuka. Tukajaribu kubahatisha. Tukarekodi kwa namna hii, tukarekodi kwa namna ile, na nyuma ya leso jibu likawa hilohilo: kijani. Bi Zuhura akaacha hata kulia, na hiyo ilinitia wasiwasi zaidi kuliko machozi.

Tukiwa tunakunywa chai bila hamu, Saumu akasema kama mtu anayejisemea, "Jioni ile nilijaribu taa kwanza."

"Ulijaribu vipi?"

"Kabla wageni hawajaingia. Nilirekodi ukumbi kuona mwangaza. Halafu nikabadilisha kadi."

Setting zilezile, kamera ileile, siku ileile! "Kadi hiyo iko wapi?"

"Iko sandukuni kwangu," Bi Zuhura akasema, ametulia kabisa. "Nilizichukua zote. Lakini hiyo haina maana, haina mtu."

"Mama! Mimi nataka hiyohiyo isiyo na mtu!"

Akenda Bofu akarudi upesi mpaka pumzi zinampaa. Na hiyo video niliruhusiwa kuitazama. Viti vimepangwa, feni zazunguka, maua jukwaani, na katikati kile kiti kikubwa cha bi harusi, kitupu. Mimi mbara wa Changamwe nikautazama ule utupu wake nikaona umependeza kuliko video zote nilizowahi kupokea.

Nikaipa programu viti vitupu ikajifunze. Ikaenda. Ikamaliza. Bi Zuhura akaingia nyuma ya leso.

"Mama?"

Halafu kikapasuka kigelegele, wakuu, kigelegele cha harusi kamili ndani ya duka la kompyuta! Watu barabarani wakasimama. Muuza viazi akachungulia kuuliza nani amejifungua. Saumu akaingia ndani ya leso akaanza naye. Mimi nimegeukia barabarani, nacheka peke yangu, macho yamejaa maji. Sioni aibu kusema.

Palikuwa na kasoro ndogo, sauti yatangulia mdomo, na hilo nikalirekebisha kwa maelezo yake: "Rudisha... ongeza... hapo hapo!" Kisha akakaa kuitazama yote mpaka mwisho.

Mwisho ndio uliotutia doa.

Akatoka, mkono kifuani. "Nasra azungumza," akasema. "Mwishoni kabisa aitazama kamera. Asema, 'Mama, mimi nilikuwa nataka...' kisha basi. Hapo ndipo nilipochomoa. Sikujua azungumza, mwanangu. Vigelegele vilikuwa vingi. Nirudishie hayo yaliyobaki."

Ilinibidi nimwambie ukweli. Kamera hushika kidogo cha mwisho mkononi mwake kabla ya kukiweka kwenye kadi. Kadi ikitoka, kile kilichokuwa mkononi kinapotea. Kilichofutwa naweza kukitafuta. Ambacho hakikuandikwa hakipo, na hakuna fundi atakayekileta.

Akaketi. Nilimhurumia sana.

Baadaye akasema, "Basi kata hapo. Toa mahali alipoanza kusema. Rukia asijue palikuwa na kitu."

"Mama, kukata ni kazi ya sasa hivi. Nitakata ukisema. Lakini yale ni maneno ya mtoto kwa mamake."

Alikaa amekunja midomo. Nje honi za magari ya foleni ya feri, ndani feni yangu inayolia. Mwishowe Bi Zuhura akapangusa uso na ncha ya mtandio.

"Iache. Nitamwambia niliyechomoa ni mimi."

Diski akaifunga kwenye kile kitambaa. Mashine nikaizima na kuiwasha mbele yake, aone haikubaki hata alama. Akaniuliza kama ninataka kuona japo mkono wa bi harusi, ule wenye hina, kwa ahsante. Nikamwambia hapana, mama, tusiharibu kazi yetu. Akacheka mpaka akakohoa.

Jirani yao mmoja anayefanya kazi hukohuko Uarabuni alikuwa anarudi huko, akaibeba diski kwenye mkoba wake wa mkononi.

Nilichojifunza, niseme haraka. Kwanza, taa nyekundu ikiwa yawaka, tafadhalini, kadi ni kama mwiko ulio chunguni, uacheni upike. Simamisha, subiri izime, ndipo utoe. Pili, video isipofunguka usikubali mtu akwambie uifomati. Usiiguse tena, usirekodi juu yake, tafuta fundi. Tatu, msifute video mnazodhani hazina mtu.

Na la nne ni letu sisi mafundi. Tumezoea kufungua picha za watu na kuzipitia kama magazeti ya kinyozi. Hakuna haja. Kazi karibu yote inafanyika bila kumtazama mtu. Mimi tangu siku hiyo mteja yeyote akiniletea picha zake, namuuliza kwanza kama anataka zitazamwe, na mtashangaa wangapi wanashusha pumzi.

Najua mnangoja kuniuliza kama mama mtu aliipata.

Juzi Bi Zuhura amekuja dukani. Anasema Rukia aliitazama chumbani kwake baada ya kazi, yote, mpaka pale inapokatika. Halafu hakumpigia yeye. Alimpigia Nasra moja kwa moja.

"Mwanangu," akamwambia, "ulikuwa wataka nini? Haya, malizia. Nakusikiza."

Nasra hakujua hata kama ilikatika. Akasema, "Nilikuwa nataka urudi, mama. Nyumba tuliyopanga ina chumba chako. Nimeshatia pazia."

Bi Zuhura anasema dadake alilia, kisha akauliza pazia ni la rangi gani.

Rukia ameomba tiketi ya kurudi nyumbani. Mwajiri safari hii hakuulizwa ruhusa, ameambiwa tu.

Haya wakuu, koo limenikauka. Aliyewahi kupoteza video ya mtu wake, na aliyeipata, aweke hapa chini tusome.